Sakafu ya Ebenezer

Siku wazee wa bendi walipokuja kulijaribu jengo jipya, Corliss Pinkett alikifagia chumba cha duara kwa mkono wake mwenyewe, ingawa walikuwapo watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Yeye ndiye msanifu aliyelichora jengo zima, kituo cha wageni ambacho kaunti ilikijenga ili kieleze habari za utumwa na uhuru katika vinamasi vya Hickory Neck, na si kawaida ya msanifu kushika ufagio. Lakini hawa hawakuwa wageni. Hawa walikuwa watu wa kwao, naye aliwangoja kwa wasiwasi wa mtu anayengoja wakwe.

Gari la kanisa lilisimama mlangoni. Wa kwanza kushuka alikuwa Shangazi Ludelle, dada wa marehemu baba yake, akiwa na kofia ya zambarau iliyotangulia mwili. Alilitazama jengo kutoka paa hadi msingi.

"Kumbe kodi zetu zilizamia huku," alisema. "Si baya. Lina choo?"

"Vyoo vinane, shangazi."

"Vinane. Kanisani Ebenezer tuna kimoja, tena cha mlango mbovu, na Mungu hajawahi kulalamika."

Nyuma yake akashuka Mjomba Thurman Cephas, binamu wa mama yake Corliss na kapteni wa bendi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye fimbo ambayo huiweka chini anapoanza kuimba na kuitafuta tena anapomaliza. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakijishika kwenye kingo za gari.

Wenyewe huiita bendi, ingawa haina ngoma wala gita wala tarumbeta. Ni watu tu. Wanawake husimama upande huu na wanaume upande ule, duara limefungwa, mmoja anaanzisha wimbo polepole, wengine wanaupokea, na visigino vinapiga sakafu. Mababu zao walinyang'anywa ngoma na mabwana zao, wakaifanya sakafu kuwa ngoma, kwa maana hata bwana mwenye roho mbaya kiasi gani hawezi kumnyang'anya mtu sakafu anayoikanyaga. Zamani kila kanisa la watu weusi katika Pwani ya Mashariki ya Maryland lilikuwa na bendi yake. Sasa zimebaki za kuhesabu kwa vidole, na hii ya kanisa la Ebenezer iliingia yote katika gari moja na nafasi ikabaki.

Corliss aliwaingiza chumbani. Kuta zilikuwa za mbao za mwerezi, dari ilikwenda juu na kumwaga mwanga mwororo, na sakafu iling'aa kijivu bila hata ufa. Bi Stroud, mratibu wa mradi kutoka kaunti, alikuwa amesimama pembeni na wakubwa wenzake, kamera tayari. Chumba hiki ndicho kilichokuwa moyo wa kituo, na wote walijua Corliss alikipigania kuliko kitu kingine chochote.

Mjomba Thurman alikwenda mpaka katikati. Aliinua kisigino akakishusha mara moja, kwa nguvu. Kisha akasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na asisikie nyayo ndani. Akamtazama Ludelle. Ludelle akatazama mkoba wake.

"Ni pazuri sana, mwanangu," alisema mzee. "Pazuri mno. Tuleteeni viti."

Wakaletewa viti, wakaketi, wakaimba nyimbo mbili kwa sauti safi. Bi Stroud alifuta machozi. Wakubwa walipiga makofi. Corliss peke yake, mgongo ukiwa umeegemea mwerezi, hakupiga. Watu wa bendi hawaimbi wakiwa wameketi. Utotoni alimwona mama yake akisimama na nyonga mbovu, alimwona Mjomba Thurman akisimama na homa. Jumapili iliyopita tu wazee hawa hawa walisimama tangu adhuhuri mpaka jua likaingia kwenye misonobari. Hawakuwa wamechoka. Walikuwa wamemfanyia adabu, na kwa watu wa Hickory Neck wazee wakikufanyia adabu ya namna hiyo, jua umekwisha kuwa mgeni.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Walisema hivyo kwa sababu hawakufika Hickory Neck. Hapa aliyekataa kwao, akakatiza kinamasi usiku na mbwa nyuma yake, ndiye aliyekuwa huru, na aliyebaki kwao ndiye aliyebaki mtumwa. Kituo kizima kilijengwa kwa sifa za walioondoka: picha zao, njia zao, mashujaa wao. Ni haki yao. Lakini walioondoka walizaa huko walikokwenda. Kila mtu anayezikwa Hickory Neck ni mjukuu wa waliobaki, na waliobaki hawajengewi sanamu.

Bibi wa bibi yake Corliss aliitwa Hester. Mama yake Hester alitoroka na mtoto wa kifuani, akamwacha Hester kwa sababu alikuwa na kikohozi, na kikohozi kingesikika na kuwaua wote. Hester hakumwona tena. Alipokuwa mtu mzima, akiwa huru katika nchi ile ile alimokuwa mtumwa, alitunga wimbo, na wimbo ukashuka kwa binti, kwa mjukuu, mpaka kwa Ardelia, mama yake Corliss. Bendi ina sheria moja isiyoandikwa popote: wimbo una mwenyewe. Mwenyewe akifa, wimbo unanyamaza mpaka mtu wa damu yake auanzishe. Hakuna mwingine anayeugusa, hata kama anaujua neno kwa neno.

Ardelia alikufa, na Corliss ndiye mtoto wake pekee.

Alipokuwa mdogo, Corliss alilala juu ya benchi la Ebenezer wakati wakubwa wakiimba, na sakafu ilimwingia mbavuni. Ilikuwa ya mbao pana juu ya nguzo za matofali, na chini yake palikuwa wazi, kwa hiyo kila kisigino kilizaa mngurumo. Mwishoni mwa ibada bendi ilitoka nje ikiimba ubeti wa mwisho na kulizunguka kanisa gizani. Watoto hawakutoka. Wale ambao hawajajiunga na bendi hawatoki. Corliss alilala akisikia sauti ya mama yake ikipita nyuma ya ukuta, ikienda mbali, ikirudi karibu, maneno hayasikiki. Kabla hajafika umri wa kujiunga, alipanda basi kwenda chuo Philadelphia, na Philadelphia ikamla kama inavyowala wengi.

Kila Jumapili mama alipiga simu. Kila majira ya joto aliuliza, "Kambi ya mwaka huu utakuja?" maana ibada ya kambi ndiyo sikukuu yao kubwa, watu wanarudi kutoka kila mji. Kila majira ya joto Corliss alijibu, "Mwakani, Mama." Na mama alisema, "Sawa, mwanangu. Kazi ni kazi." Hakulaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma Corliss baadaye, kwa sababu mtu akikulaumu unapata pa kujitetea.

Beti alizozijua zilimtosha kwa lawama. *Mama, umeniacha na nani? Maji ni mapana, mimi ni mdogo. Nyayo zote nazijua, zako sizisikii.* Aliamini wimbo ule ulimhusu yeye. Hester aliachwa na aliyeondoka, na Ardelia naye aliachwa na aliyeondoka. Kila mwaka wa "mwakani" aliusikia kichwani, na kila mwaka aliutamani zaidi. Kaunti ilipotangaza kazi ya kujenga kituo, aliililia kazi hiyo kwa barua na kwa simu. Kwenye mahojiano alisema mengi ya historia na jamii na vizazi vijavyo. Ukweli ni kwamba alitaka kuusikia wimbo wa mama yake mara moja tu kabla naye hajazeeka.

Alimwomba Mjomba Thurman bendi iuimbe, urekodiwe, usikike katika chumba cha duara.

"Si wetu kuuanza," mzee alimjibu. "Ni wa nyumba ya Ardelia."

"Nyumba ya Ardelia ni mimi, mjomba."

"Basi unajua uko kwa nani."

"Lakini mimi siimbi."

"Basi haupo kwa mtu."

Wakati huohuo bahari ilikuwa inapanda. Barabara ya Ebenezer ilifunikwa na maji kila mwezi ulipopevuka, misonobari ilikauka kwa chumvi ikabaki imesimama myeupe, na wazee wa kanisa walikuwa wamekubaliana kwamba kambi ya mwaka huu ndiyo ya mwisho pale. Corliss aliwajengea pengine pa kuimbia. Kama hapakuwafaa, bendi ingetawanyika, huyu kwa bintiye Baltimore, yule makaburini, na wimbo wa Hester ungekwenda nao.

Kesho yake alimkuta Shangazi Ludelle jikoni akipiga unga wa biskuti kwa kisogo cha shoka, juu ya meza nene, kama wanavyofanya huko kwa biskuti za kupigwa. Kila pigo sakafu ya jikoni iliitikia.

"Mlikaa," alisema Corliss, kabla hata ya salamu.

"Nami sijambo, asante. Miguu yetu imezeeka."

"Jumapili mlisimama mchana kutwa."

"Ndiyo maana imezeeka." Ludelle aliukunja unga akaupiga tena. "Chukua kisu umenye viazi vitamu, usinisimamie kama askari."

Corliss alichukua kisu. Alimenya kiazi kimoja kizima.

"Sakafu ni bubu," alisema hatimaye.

"Mimi sikusema."

"Haijibu kitu. Nimeweka zege juu ya udongo, juu ya zege nikaweka zege."

"Umesema wewe, mwenye shahada. Mimi napiga biskuti zangu."

"Mbona hamkuniambia?"

Shoka likatulia. "Tukuambieje? Mtu karudi kwao baada ya miaka yote hiyo, kaja na zawadi mikononi, watu wakubwa wamesimama wanatazama. Tumwambie haifai? Mimi na wifi yangu, mama yako, tuligombana kwa kila kitu, tangu namna ya kukaanga chaza mpaka kaka yangu aliyemwoa. Lakini ningekuaibisha mbele ya wale, angefufuka anichape."

Corliss alicheka, na kicheko kikageuka machozi. Alijifuta kwa mkono wenye maganda. "Nililipima kanisa, shangazi. Kila pembe. Lakini nililipima likiwa tupu, katikati ya wiki. Nilikuwa nimevaa viatu vya raba."

"Raba," alisema Ludelle, kwa huzuni ya mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mgeni asingelifanya, kwa sababu mgeni angeuliza. Corliss hakuuliza kwa sababu sakafu ile alikuwa nayo mbavuni. Alidhani anaijua, na kitu unachodhani unakijua hukitazami mara mbili.

Ludelle alivuta kiti akaketi karibu naye, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kazi ikiwa mezani.

"Kila kambi watu walimuuliza Ardelia, Corliss yuko wapi? Naye akawajibu lile lile. Amelala, mwacheni, amechoka na kazi. Miaka yote hiyo. Ikawa mzaha. Tunamwambia, wifi, huyo mtoto wako ana usingizi wa kifo."

"Aliona haya kwa ajili yangu."

Ludelle akafungua kinywa, kisha akaghairi. "Menya viazi," alisema.

Jumatatu Corliss alimwendea Dale Harkins, mkandarasi, mtoto wa wavuvi wa chaza wa ng'ambo ya mto, Mzungu mwenye shingo nyekundu na maneno machache.

"Zege limekauka, Bi Pinkett," alisema Dale. "Zege likikauka umeshafunga ndoa. Unaishi nalo."

"Sitaki talaka. Nataka maboriti juu yake, mbao juu ya maboriti, na katikati pabaki wazi. Mtu akipiga kisigino nisikie kutoka mlangoni."

"Sakafu itapanda. Na wa viti vya magurudumu?"

"Mteremko mrefu tangu ukumbini. Nimeshauchora."

Dale aliutazama mchoro, akajikuna. "Mbao zipi? Za dukani ni laini, zitalia kama bata."

"Za Ebenezer."

Dale akavua kofia. Alilijua kanisa, kila mtu wa pwani ile alilijua. "Umewauliza?"

"Nitawauliza."

Bi Stroud ndiye aliyekuwa mgumu. Fedha zilikuwa zile zile, kwa hiyo kazi mpya ilitaka kazi nyingine ife, na kilichokuwapo cha kuua kilikuwa kimoja tu, chumba cha mwanga, ambamo kuta zote zingegeuka mto na nyota na mgeni angejiona anatoroka. Chumba hicho Corliss alikibuni kwa mwaka mzima. Ndicho ambacho kingempa jina kwenye majarida ya wasanifu.

"Ndicho watakachopigia picha, Corliss," alisema Bi Stroud. "Sakafu haipigwi picha."

"Najua."

"Na unakifuta kwa ajili ya mbao kuukuu?"

"Ndiyo," alisema Corliss, akachukua kalamu akakipiga mstari mwenyewe, haraka, kabla mkono haujajuta.

Wazee wa kanisa hawakubisha. Kambi ya mwisho ilikwisha kufanyika, watu walilia walivyolia, na kilichobaki kilikuwa kuokoa kinachookoleka. Mjomba Thurman alitoa ruhusa kwa kichwa tu. Kisha akaongeza, "Mbao chukueni. Ila mbao haianzishi wimbo."

Walizing'oa asubuhi moja ya joto, Dale na watu wake, na Corliss akiwa amepiga magoti kati yao na nyundo. Ubao wa kwanza ukainuka. Chini yake maji yaling'aa. Kinamasi kilikuwa kimekwisha kuingia, kimejaa kati ya nguzo, na visamaki vidogo viliogelea mahali ambapo zamani palilala giza tupu. Ilibaki nafasi ya kiganja kati ya maji na sakafu.

Mjomba Thurman aliinama juu ya fimbo yake akatazama.

"Sauti ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka," alisema. "Hatukuambiana. Kila mtu alidhani ni masikio yake."

Siku ya ufunguzi walikuja watu kuliko viti. Hotuba zilikuwa ndefu, utepe ukakatwa, na kila aliyesema alisema neno ustahimilivu. Corliss alisimama kwenye mlango wa chumba cha duara na kitambulisho chake shingoni. Alikuwa ameijaribu sakafu peke yake na Dale, ikajibu, lakini jaribio si ibada. Aliingoja bendi.

Waliingia wamevaa nyeupe. Ludelle alipompita alimtumbukizia mfuko wa karatasi mikononi.

"Nini hiki?"

"Viatu vya Jumapili vya mama yako."

"Vya nini, shangazi?"

"Vya miguu," alisema Ludelle, akaenda zake.

Hakuna aliyeomba kiti. Mjomba Thurman aliweka fimbo ukutani. Alipiga kisigino kimoja, na sakafu ya Ebenezer ikamwitikia kutoka chini, nzito, pana, kama ilivyokuwa kabla maji hayajapanda. Mwanamume mmoja katika duara alitoa pumzi kwa sauti. Mzee akafumba macho akaanzisha wimbo wake, wakaupokea, na mngurumo ukapita kwenye mbao ukamfikia Corliss mlangoni, ukamwingia nyayo, magoti, mpaka mbavuni mahali pake pa zamani. Alilia mchana ule mbele ya watu wa kaunti na hakujali.

Kisha akaliona pengo. Upande wa wanawake, kati ya Ludelle na mjane mmoja wa Cephas, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hawakuiziba. Alipokuwa mdogo, hapo ndipo mama yake alipokuwa akisimama. Waliimba wimbo wa pili na wa tatu, duara likazunguka, na pengo likazunguka nalo.

Wimbo wa tatu ukaisha. Hakuna aliyeanzisha wa nne. Bendi ilisimama kimya, wanatazama chini, mikono mbele. Wageni wakajigeuza vitini, mtu akakohoa, Bi Stroud akamtazama Corliss kwa macho ya kuuliza kama programu imekwisha. Mjomba Thurman hakumtazama mtu. Alikuwa anangoja, na mtu aliyengoja hivyo maisha yake yote anajua kungoja.

Hakuna ambaye angemlazimisha. Angeweza kusimama pale pale mlangoni, mwenye jengo, mwenye sifa, na mwishowe mzee angetafuta fimbo yake na mambo yakaisha. Hofu ilimshika kweli. Hajaimba mbele ya watu tangu utoto, na hata na Mungu mwenyewe hawajazungumza sana. Lakini alikuwa ameutamani wimbo huo kwa miaka, akaujengea nyumba, akauwekea sakafu, na sasa aliona kwamba hakuna mtu duniani wa kumwimbia. Aliyebaki kuuimba ni yeye.

Akavua raba zake. Viatu vya mama vilimbana, maana Ardelia alikuwa na mguu mdogo. Alitembea juu ya mbao, visigino vikimtangaza kila hatua, akaingia kwenye pengo, na duara likafungwa.

Alianza chini mno. *Mama, umeniacha na nani.* Sauti ilimkatika kabla mstari haujaisha, na alidhani ataaibika hapo hapo. Haikutokea. Sauti zao ziliinuka chini ya sauti yake zikaushika mstari, visigino vikashuka pamoja, sakafu ikanena. Ikawa rahisi zaidi. *Maji ni mapana, mimi ni mdogo. Nyayo zote nazijua.* Alizijua beti zote hizo tangu utotoni, ila hakuwahi kuzitoa kinywani mwake.

Kisha duara likafunguka na bendi ikaanza kutoka, kama ilivyotoka Ebenezer siku zote, Corliss mbele kwa sababu wimbo ni wake. Alikuwa amepanga wageni watoke kwa kupitia dukani, kama vituo vyote vya wageni, huwezi kuondoka kwenye huzuni bila kuuziwa kikombe. Mjomba Thurman alitoka mstarini, akaupita mlango wa duka akasukuma mlango wa dharura, ule unaotazama kinamasi. Corliss alijikunja akingoja king'ora. Hakikulia. Dale Harkins, ameegemea ukuta na kofia mkononi, alimwonyesha kwa kidole kwamba amekizima tangu asubuhi.

Nje palikuwa na upepo, harufu ya chumvi na majani, na njia nyembamba iliyozunguka jengo. Hapo Corliss aliishiwa maneno. Huu ulikuwa ubeti wa nje, ubeti wa nyuma ya ukuta, ambao hakuwahi kuusikia zaidi ya sauti inayopita.

"Siujui, shangazi," alisema kwa kando ya mdomo, miguu ikiendelea.

"Najua hujui," alisema Ludelle nyuma yake. "Nitakutajia. Wewe imba." Akautamka mstari kwa sauti ya kawaida, ya jikoni. "Nenda, Mama, usigeuke."

Corliss aliimba, *Nenda, Mama, usigeuke,* na bendi ikapokea.

"Mlango nimeufunga mimi."

*Mlango nimeufunga mimi.*

"Wakiuliza umekwenda wapi."

Aliimba, na alipokuwa anaimba alimwona Hester, mtoto mwenye kikohozi, amesimama kizani, akiwangoja watu waje na taa.

"Nitasema umelala," alisema Ludelle.

Corliss hakuweza. Miaka yote aliusikia wimbo wa mtoto anayelalamika, kumbe ni wa mtoto aliyeushika mlango ili mama yake afike mbali. *Amelala, mwacheni, amechoka.* Kila kambi, mbele ya kila mtu. Mama yake hakumwonea haya. Alikuwa amesimama pale kwenye pengo lake, nyonga mbovu, akimpa muda wa kwenda.

Bendi iliubeba mstari bila yeye, *nitasema umelala, nitasema umelala,* mpaka pumzi yake ikarudi akaupokea kutoka kwao. Walifika kona ya kaskazini ya jengo. Kutoka hapo, mbali ng'ambo ya misonobari iliyokauka, paa la Ebenezer linaonekana kidogo juu ya majani, na nyuma ya kanisa ndipo makaburi yalipo. Corliss alipunguza mwendo akageuza shingo kulitafuta.

Akahisi kiganja cha shangazi yake mgongoni, kigumu, cha mpiga biskuti.

"Hukusikia ulichoimba?" alisema Ludelle. "Usigeuke. Twende."